Ukurasa Aliosoma Shangazi

Kwenye daftari langu kuna ukurasa wa riwaya ambao hakuna maktaba iliyo nao. Niliuandika kwa mkono wangu, Jumamosi mchana, nikiwa macho kabisa. Cheka ukitaka.

Ninahariri riwaya ya Kiingereza ya karne ya kumi na nane iliyosahaulika. Wakati huo zilijulikana nakala mbili tu, na zote zimenyofolewa ukurasa wa mwisho: mtumishi wa kike amesimama langoni kwenye mvua, basi. Miaka sita nimetamani kujua kama alifunguliwa.

Katika kazi hii mmoja husoma nakala moja kwa sauti, koma na nukta zote, mwingine akifuata kwenye nyingine ili kuona zinapotofautiana. Mimi niko Garland. Msomaji wangu ni Shangazi Rhoda, muuguzi, yuko Alief, saa nne kwa gari, na picha za nakala ya pili, hivyo tulisomeana kwa simu. Kila mara alianza na, "Umekula, mwanangu? Usinidanganye."

Jumamosi hiyo hakuuliza. Simu ililia, jina lake likatokea, akaanza kusoma palepale. Sauti ilikuwa yake, niamini, ila ilikuja taratibu, kama inatoka chini ya maji. Nje joto lilikuwa limenyamazisha mtaa mzima. Tulifika langoni, nakala yangu ikaisha. Yeye akaendelea. Lango likafunguliwa, koma, msichana akaingia, koma. Wewe ungefanya nini? Nilichukua kalamu.

Jioni nikampigia kumshukuru.

"Nikusomee saa ngapi?" akasema. "Nimeshinda kazini na wazee ninaowauguza, simu ilikuwa kabatini. Wewe umekula kweli?"

Simu yangu inaonyesha tuliongea dakika arobaini na tatu. Yake haionyeshi kitu.

Sasa hatusomi tena kwa simu. Mimi huendesha gari hadi Alief, tunakaa meza moja, nikimtazama mdomo. Nawe, mtu anayekuuliza kila siku kama umekula akiacha kuuliza, usiandike anachokuambia.

Msimamizi wangu chuoni alisema hatuchapishi kisicho na karatasi ya kukithibitisha. Nikakubali. Kisha mwezi uliopita maktaba moja Uingereza ikanitumia picha ya nakala ya tatu. Ukurasa wa mwisho umechanika. Umebaki ukanda mwembamba pembeni, wenye neno la kwanza la kila mstari. Maneno hayo yote ninayo daftarini, kwa mpangilio uleule.

Kitabu kinakwenda kupigwa chapa Ijumaa. Msimamizi bado sijamwambia.