Salfa Mkononi mwa Shemeji

Mwaka mzima sasa naambiwa shemeji yangu alirogwa. Juzi tu, sokoni hapa Nachingwea, mama mmoja kanivuta pembeni, ananong'ona kwamba aliyemroga ni jirani yake, waligombania mpaka wa mikorosho. Nikamwambia, "Mama, nyamaza. Aliumwa na mbwa. Mbwa wake mwenyewe." Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Na anitazame! Nimechoka na ujinga wa watu, na wa kwangu ukiwa wa kwanza.

Shemeji huyo alikuwa mume wa mdogo wangu, mkulima wa Mbwemkuru upande wa Ruangwa. Mbwa wake alikuwa hodari wa kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Wataalamu wa mifugo walipopita kuchanja mbwa bure, shemeji akamficha wake shambani, eti mbwa akichanjwa hanusi tena nguruwe. Nani kamwambia? Wanaume wenzake kijiweni. Walikubaliana wao kwa wao, basi ikawa sheria.

Siku ya balaa nilikuwa kwao kuwasalimia, msimu wa kupulizia mikorosho. Mbwa alikuwa ameshinda siku mbili hali chakula, mate yanamchuruzika, na hakuna aliyeshtuka. Mchana akamrukia binti yao wa miaka tisa, akamng'ata mguu. Shemeji akamng'oa mbwa kwa mikono yake mitupu, majirani wakammaliza kwa marungu. Nilipotoka jikoni nikamkuta ameshachota salfa, ile poda ya njano ya mikorosho, anampaka mtoto kwenye jeraha.

"Inaua ukungu wa ubwiri unga kwenye mikorosho, itashindwa na meno ya mbwa?" akasema.

Wallahi nilimsukuma. Nikamtukana mbele ya mkewe, nikamwagia mguu maji na sabuni robo saa nzima, mtoto analia, kisha nikampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali.

Nesi alimdunga sindano ya kwanza, akaandika tarehe za kurudi, akaniuliza, "Kuna mwingine aliyeguswa na meno ya mbwa huyo?"

Nikakumbuka kidole cha shemeji, kimefungwa kitambaa, kitambaa chenyewe njano kwa salfa. "Baba yake. Ni mkwaruzo tu."

"Hakuna mkwaruzo tu. Aje leo hii. Kichaa cha mbwa kikishajionyesha, hatuna la kufanya."

Sasa, mimi na shemeji tulikuwa tunataniana, kama mashemeji wote wa kwetu. Tangu amuoe mdogo wangu hatukuwahi kuambiana jambo la maana bila kicheko. Nami bado nilikuwa nimemkasirikia, nikaona nisimpe heshima ya kusema naye taratibu. Tuliporudi nikamwambia mlangoni, "Nesi anakuita, ukadungwe na wewe."

"Mwambie mimi nina mke," akajibu.

Ningeweza kumkamata mkono nikamburuza. Ningeweza kumwambia maneno ya nesi kama yalivyo, kwamba atakufa. Badala yake nikasema, "Haya, kaa hapo hapo. Ukianza kubweka niite."

Ua mzima ukacheka. Na mimi nikacheka.

Mtoto alimaliza sindano zake zote. Aliyempeleka kila tarehe ni baba yake, kwa baiskeli, hakukosa hata moja. Alikaa kwenye benchi nje na kidole chake kilichokwisha kupona, mtoto anadungwa ndani, yeye hakumwonyesha mtu.

Tulikuwa tunaokota korosho kidole kilipoanza kumwasha. Mkono ukafuata. Siku chache baadaye mdogo wangu akanipigia simu, hawezi kusema vizuri kwa kulia, kwamba mumewe akiletewa maji anatetemeka na koo linafunga. Nikajua. Nilipanda bodaboda huku najilaani, njia nzima.

Nilimkuta wodini, wamemfunga mikono kwa mashuka asijiumize. Kikombe kilikuwa kimeondolewa. Akatulia kidogo, akanitambua, akili zake zote anazo.

"Shemeji," alisema, sauti imekauka, "mbona umekuja mapema? Sijabweka bado."

Akanikodolea macho, ananingoja nicheke.