Mustang ya Mzee Kapele, V8 kutoka Dar na ukimya wangu

Wakuu, salaam kutoka Sumbawanga, baridi imekaza. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sijaficha sehemu inayonichafua.

Mimi ni fundi magari. Mzee Kapele, mnunuzi wa mahindi kule Laela, alileta Mustang ya zamani, injini imekufa. Alitaka imbebe binti yake siku ya harusi.

Alianza kwangu. Nikachukua kijiti, nikamchorea chini.

"Mzee, njia ni tatu. Injini ya six, silinda sita, iliyozaliwa nayo, nyepesi, haina makuu. V8 ya kabureta, ule muungurumo wenyewe. Au V8 ya Kijapani ya EFI, petroli inapimwa na kompyuta, haisumbui, ila tutakata na kuchomelea sana."

"Ahsante mwanangu, nimekuelewa."

Kesho yake nikaiona Mustang kwenye gereji ya Fideli, ng'ambo ya barabara. Fideli niliyemfundisha kushika spana! Kila asubuhi huniamkia, "Shikamoo kaka."

Wakuu, niliumia. Watu wanapiga selfie na Mustang, mimi niko chini ya Toyota Noah ya mteja.

Mzee akachagua V8 ya kabureta, ikaletwa na basi kutoka Dar. Hapo nilijua kitu ambacho Fideli hakukijua.

Nieleze taratibu. Huku Ufipa tuko juu milimani, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Dar, pwani, inamwaga petroli ileile wakati hewa imepungua. Unapata moshi mweusi, plagi zina masizi, gari halina nguvu. Dawa ni jeti ndogo zaidi, kale katundu kanakopima petroli. Fideli amezoea EFI, inayojirekebisha yenyewe.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga na wivu wanawaza uchawi wa kutumiana radi. Sikutuma radi. Nilinyamaza tu.

Wiki nzima moshi. Akabadilisha plagi, akabadilisha koili. Bodaboda wakamzomea, "Fundi, unachoma mkaa?"

Nikacheka nao.

Alhamisi, harusi ni Jumamosi, Mzee akafoka mbele ya watu: "Ng'oa hiyo injini! Binti yangu ataenda kanisani na Noah!"

Fideli akavuka barabara, mikono myeusi. "Kaka, nimeshindwa. Imalizie wewe, kazi iwe yako."

Nilichokitamani wiki nzima hicho hapo. Nikaona aibu.

"Punguza jeti," nikamwambia.

Akanitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu iliposhuka kwenye basi."

Akaokota bisibisi. Tukaifungua kabureta pamoja, tukaweka jeti ndogo, mpaka jioni.

Jumamosi Mustang ikapita na bibi harusi, Fideli kwenye usukani. Inaunguruma safi, hakuna moshi. Nisiwadanganye, kile kiti bado nilikitamani.

Wenye kabureta huku nyanda za juu, anzeni na jeti kabla ya kulaumu injini. Na ukiona mwenzako anakwama kwenye unachokijua, sema siku ya kwanza. Ukisema siku ya saba, gari litapona, lakini utakuwa umechelewa.

Fideli bado ananisalimia kila asubuhi. Ila siku hizi ananiita "fundi".

Nipeni ushauri, wakuu. Nitarudije kuwa kaka?