Nilivyompeleka Tekla Kutibiwa Bila Mjomba Wake

Niliondoka Matombo kwa sababu ya taya. Binti yetu Tekla, wa miaka sita, alivimba shavu la kulia, na mimi kwa ujuaji wangu nikasema ni jino. Nikampa maji ya chumvi asukutue wiki tatu nzima. Sista wa zahanati ya misheni alipomwona alinigombeza: "Jino gani hili linalosukuma jicho? Mpeleke Dar es Salaam, tena upesi!" Mke wangu alikuwa na kichanga cha siku kumi, basi ikabidi niende mimi.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba. Baba hulisha na kubeba. Jambo zito halipiti bila shemeji yangu Kobelo, naye alikuwa Kilombero akikata miwa. Nilimtumia ujumbe, nikajidanganya kwamba nakwenda kumpimisha tu. Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa akaniandikia barua ya ruhusa ya kusafiri.

Alfajiri tulipanda lori la ndizi. Kila liliporuka makorongo Tekla alishika taya asilie, nami nikamfokea dereva asiye na kosa. Usiku ule tulilala Mafiga kwa mwalimu mmoja wa kwetu, na kesho yake basi likatufikisha Dar es Salaam.

Wodini nilikuta akina mama watupu wakiuguza watoto. Daktari alimpima Tekla kwa siku mbili, kisha akaniambia ni saratani.

"Lakini ni ya aina inayosikia dawa," akasema. "Tuanze leo. Weka sahihi hapa."

"Mwenye mtoto hayupo, daktari."

"Wewe ni nani wake?"

"Baba yake."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Nesi mmoja tu hakucheka. Alinivuta kando, akasema, "Baba Tekla, mimi pia ni Mluguru, wa Mlali. Uzito wa mjomba naujua. Uvimbe huu haumjui."

Nilisaini. Mtoto akinifia mikononi, ukoo wa mke wangu ungesema nimewaulia mtoto wao. Niliogopa hilo, sifichi, ila kumkosa Tekla niliogopa zaidi.

Siku ya tano uvimbe ulianza kunywea. Jicho likarudi mahali pake, nikatoka nje nikalia kwa furaha. Dawa yenyewe ilikuwa kali, kila sindano ilimtapisha. Akina mama walionicheka ndio walionifundisha kukoroga uji usio na mabonge. Nywele zilipoanza kupukutika Tekla akaniuliza, "Baba, nywele zangu zinakwenda wapi?" Nikamwambia zimetangulia nyumbani kumsalimia mama. Hakuniamini, lakini alicheka, na kicheko kile kilinitosha siku nzima.

Baada ya wiki sita daktari aliturudisha kwa masharti: kila mwezi sindano, mpaka atakaposema basi. Kupona kabisa kulikuwa bado mbele yetu, ila sasa njia ilionekana.

Matombo tulimkuta Kobelo mlangoni kwangu. Tekla akasema, "Shikamoo, mjomba." Kobelo aliitikia, akamwinua kidevu, akalipapasa lile taya taratibu, upande hadi upande.

"Nani aliruhusu?" akaniuliza.

"Mimi."

Aliachia kidevu cha mtoto. "Sindano nyingine lini?"

"Mwezi ujao. Na kwa kuwa umesharudi, shemeji, utampeleka wewe mwenyewe."

Tekla aliposikia hivyo alijificha nyuma yangu, akanishika shati kwa mikono yote miwili. Kobelo akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mpeleke wewe," akasema. "Shamba lako niachie, nitapalilia."

Nilijifunza mengi katika safari ile: kukoroga uji, kufua matandiko, na kusema "mwanangu" mbele ya shemeji yangu bila kuinamisha macho.