Marahaba kwa Mtoto Asiyesema

Kwenye benchi la kliniki, Kharumwa, bibi mmoja alikuwa akimsema mkwewe. "Mtoto ana mwaka mzima sasa, hata shikamoo hasemi! Mwanao mzito, mama." Mkwe aliinamisha kichwa, mtoto akichezea kandambili miguuni pake.

Nilikuwa nimeketi kando yao; miwani yangu ikadondoka, ikaingia chini ya benchi. Nikanyoosha mkono, mgongo ukagoma. Mtoto aliutazama mkono, akaitazama miwani, akatambaa kuifuata, akaniwekea kiganjani.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia.

Bibi akacheka. "Haya, nimeshindwa. Kumbe anatuona tu!" Mkwe akainua kichwa.

Marehemu mke wangu alikuwa akinipa miwani kabla sijaiomba. Nilidhani ndoa ndiyo iliyomfundisha kuusoma mkono wangu. Huenda alikuja kwangu anajua tayari, tangu utotoni, kama mtoto huyu.