Kiatu cha Ambrose Ndani ya Dohani

"Inarudisha moshi ndani!" Gadd alipiga meza, bia ikamwagika. "Nimeinunua ile nyumba ya kilimani kwa pesa safi, nimewasha moto siku moja tu, na mke wangu mpaka leo anakohoa kama kondoo. Kesho naibomoa ile dohani yote! Na mtu asiyejua kujenga bomba la moshi hawezi kupewa kazi ya kujenga ukumbi wa kijiji. Nyoosheni mikono tumpe yule msanifu kijana wa Birmingham, twendeni tukale."

"Ulimwita mfagia dohani kwanza?" nikamuuliza.

"Wa nini, Bibi Luckett? Nyumba ilikuwa tupu miaka miwili. Nani aliichafua?"

"Kunguru, ewe mtu wa mjini! Kila baada ya baridi wanajaza vijiti vya viota humo."

"Kunguru! Kesho mtasingizia ng'ombe. Mbona Thirkell mwenyewe aliyeijenga, aliposikia neno moshi, alichukua kofia akatoka bila kuaga? Aibu hiyo!"

Wanakamati wakatazama bilauri zao. Hapo nikaona mambo yanaharibika. Baa ni ya mwanangu, lakini kiti cha karibu na meko ni changu, na aliyekaa humo haombi ruhusa ya kusema.

Ambrose Thirkell namjua tangu tukiiba matofaa ya kasisi pamoja. Babake alikuwa fundi magurudumu pale darajani. Kijana akaenda London kujifunza usanifu, wakamweka kuchora nguzo za benki, nguzo zisizobeba kitu, zimesimama tu kama waume harusini. Zikamchosha, akarudi kwetu. Bibi Frampton, mjane tajiri, akamwomba amjengee nyumba kilimani, hiyohiyo ya Gadd. Mnadhani alichora? Aliazima kiti cha jikoni cha mama yangu, akakaa nacho kiwanjani tangu barafu mpaka mavuno, anatazama jua linapopita na upepo unapotoka. Alikaa hata kuku akatagia kofiani mwake. Alipokuja kusimama, vifaranga sita walimfuata mpaka kanisani, na mmoja aliimba vizuri kuliko Gadd.

"Bibi!" akasema Gadd.

"Ngoja, baba, sijafika kwako."

Kisha hakumuuliza tajiri anataka nini. Alimuuliza mpishi: "Asubuhi ungependa jua likukute wapi?" Yule mama alilia, maana hakuna aliyewahi kumuuliza chochote isipokuwa chakula kiko wapi. Tangu siku hiyo kila jiko la Ambrose linatazama mashariki. Wakuu wakaja na magari yao kutaka nyumba kama ile, naye akawaambia: mawe ni ya machimbo yetu, waashi ni wa kijiji chetu, hutaki nenda. Kwa hiyo vijana wetu hawakwenda kufia kwenye migodi ya makaa ya Wales. Vita vilipowanyamazisha matajiri wasiagize tena nyumba, akajenga vibanda vya wakulima kando ya kijito, akaweka dirishani benchi la kukalia kama lile alilomwekea Bibi Frampton. Binti yangu anakaa humo. Ukimtembelea, anakukaribisha dirishani kama malkia.

"Na viatu je?" akadakia Enoki, mwashi mzee, akicheka. "Waambie ya kiatu!"

Nikawaambia. Waashi wetu hawafungi dohani bila kuficha kiatu kikuukuu ndani, ili uchawi ukishuka uingie humo ukwame. Lakini pale kilimani, nani alikuwa na kiatu cha kupoteza? Ambrose akavua chake cha London, kimoja, akampa Enoki. Jioni ile alicheza nami kwenye sherehe, mguu mmoja soksi. Alinikanyaga kwa ule wa soksi, nikamshukuru Mungu.

Watu wakacheka mpaka machozi. Gadd hakucheka. Aliinuka taratibu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Amefunga kiatu ndani ya bomba la moshi! Halafu mnaniambia kunguru!"

Kicheko kikakatika. Nilitamani kumeza ulimi wangu.

"Kiko kwenye kishubaka pembeni!" Enoki akapiga kelele. "Nilikijenga mwenyewe! Moshi haupiti huko!"

"Wewe ulikijenga, wewe utakitetea. Wangapi wanamtaka kijana wa Birmingham?"

Mkono wa mhunzi ukapanda. Wa mwoka mikate ukafuata, kwa aibu, umekunjwa kiwiko.

"Shusha huo mkono," nikamwambia, "la sivyo nitawaambia hapa unachochanganya kwenye—"

Mlango ukafunguka. Ambrose alisimama kizingitini, mzee wa miaka sabini, mweusi kwa masizi toka upara mpaka magoti, macho mawili tu yanang'aa. Alikumbatia mzigo wa viota vya kunguru, vijiti, sufu na manyoya, mkubwa kama kondoo, na juu ya mzigo, kimekauka kama samaki, bila doa la moshi, kiatu kimoja cha London.

"Bwana Gadd," akasema, "mkeo ameshawasha moto, wala hakohoi. Anakusubiri ukanywe chai."