Chuma Kilichoikataa Sumaku

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Masasi, Mkuu wa Idara ya Kemia alinikabidhi funguo za maabara na kuniambia, "Madam, wakaririshe. Mtihani hauulizi mtoto aliona nini." Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa akitania, na maneno yale yananikera mpaka leo.

Baadaye nilihamishiwa Newala, shule ambayo maji ya maabara yalikuja kwa ndoo. Huko nilifundisha metali za mpito: chuma, shaba, nikeli. Metali hukaa katikati, ikizungukwa na ligandi, yaani molekuli au ioni zinazoigawia elektroni na kuishikilia. Chuma kikizungukwa na maji, nguvu ya ligandi ni ndogo; baadhi ya elektroni zake hubaki pweke, na hizo pweke ndizo huvutwa na sumaku. Kikizungukwa na sianidi, nguvu ni kubwa. Elektroni zote hulazimika kukaa mbilimbili, na sumaku inakosa cha kuvuta.

Somoe, mwanafunzi wangu kutoka kijiji cha Mkunya, hakukubali. "Madam, chuma si chuma tu? Sumaku itakiachaje?"

Nilifurahi kupita kiasi. Niling'oa sumaku kali kwenye kompyuta mbovu, nikatafuta uzi wa kuning'inizia fuwele mbili: ya kijani yenye maji na ya manjano yenye sianidi. "Kesho utaona mwenyewe," nikamwambia.

Asubuhi Mkuu wa Shule akapita, akasoma lebo ya chupa ya zile fuwele za manjano. "Mama Fadhili, sianidi? Unataka kuua watoto wa watu?"

"Mkuu, hapa chuma kimeing'ang'ania hiyo sianidi, haichomoki. Tusipoitia asidi haina shida. Na huko kung'ang'ania ndiko somo lenyewe."

"Somo liko ubaoni."

Akaamuru chupa ifukiwe nyuma ya vyoo. Hakufungua kitabu, hakuuliza mtu. Nilichukua chaki kwa hasira nikaandika somo mbele ya wanafunzi wangu, Somoe akiwa mstari wa mbele, kalamu mkononi, akinakili ubao.

Siku ya kuniaga nilipewa kitenge na cheti, wakasifu ufaulu wangu. Ufaulu wa nini? Nilikaa pale mezani nikiwa nimevimba, soda sikuigusa.

Juzi nimekutana na Somoe sokoni. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi siku hizi?"

"Nafundisha kemia, upande wa Nanganga."

Moyo ukanipasuka kwa furaha. "Na zile fuwele unawaonyesha?"

Akatazama chini. "Nawakaririsha tu, Madam. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuamini kama sumaku hukiacha chuma."