Somo Langu la Ndege wa Jikoni

Katika miaka ile ya hamsini nilipokuwa mwalimu kijana huku Nyakakika, niliamini kwamba ninawajua ndege. Imani hiyo niliipata chuoni, ambako kulikuwa na kitabu kimoja cha picha za ndege. Walikuwa ndege wa Ulaya wote, lakini jambo hilo halikunisumbua. Ndege ni ndege, nilijiambia, na mwalimu ni mwalimu.

Basi nikaamua kuwafundisha wanangu wawili, binti wa miaka saba na mdogo wake wa miaka minne. Kila jioni nikitoka shuleni tulikaa watatu kwenye benchi nyuma ya nyumba, tukitazama uwanja wa kuanikia kahawa na jiko la nyasi lililokuwa ukingoni mwa kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Nilikuwa na daftari jipya, na juu ya jalada nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: NDEGE WA NYUMBANI. Sheria ilikuwa moja tu, kunyamaza. Mdogo aliivunja kwa kuuliza kama ndege fulani analiwa. Mimi niliivunja zaidi ya wote, maana nilikuwa nafundisha. Ndege wengi waliruka zao nikiwa katikati ya maelezo.

Waliotuvumilia ni wale weusi kwa weupe wanaotembea uani wakitikisa mkia, ambao kwetu hakuna anayethubutu kuwatupia jiwe. Jozi moja ilikuwa imejenga kiota kwenye upenu wa jiko. Jioni moja tukamwona mmoja wao anashuka na mdudu mdomoni, moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa kahawa. Pale mkekani palikuwa na ndege mwingine, mkubwa mara mbili yake, mweusi mgongoni, mwenye mistari kifuani. Yule mkubwa akafunua kinywa chekundu, na yule mdogo akakitumbukiza kichwa chake humo karibu chote, akamlisha.

Sikufikiri hata kidogo. "Mnaona?" nikasema. "Yule mkubwa ni mama. Amezeeka, hawezi tena kutafuta chakula. Huyu mdogo ni mtoto wake, anamlisha."

"Tata," binti yangu akasema, "lakini yule mkubwa..."

"Kimya. Tazama kwanza, usiseme."

Nikaandika daftarini ukurasa mzima, nikapigia mstari neno *utii*. Halafu, ili somo liingie, nikamtuma binti aniletee ndizi ya gonja ya kuchoma, na mdogo wake aniletee maji ya kunywa. Nilikula nikitazama ndege wangu, nikiwa na furaha ya mzazi aliyelea vizuri. Mke wangu alikuwa akimenya ndizi mlangoni pa jiko. Aliinua uso, akaniangalia, akarudi kwenye ndizi zake. Yeye alikulia kwa watu wa ng'ombe, kwenye mbuga za wazi, na hakuwahi kusoma kitabu chochote cha ndege. Kwa hiyo sikumuuliza.

Mambo yangeishia hapo kama ningejua kufunga mdomo. Jumapili iliyofuata, mwinjilisti wetu aliwakaribisha wenye neno la kuwajenga vijana. Nikasimama. Nilieleza habari ya ndege na mama yake kwa muda mrefu kuliko mahubiri, na nikawaonea huruma vijana wa siku hizi wanaoshindwa na ndege wa jikoni. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Baada ya ibada mwinjilisti akanifuata, na wazee watatu nyuma yake.

"Mwalimu, tungependa kumwona huyo mama," akasema.

Tukaenda. Mke wangu akawapa wageni kahawa za kutafuna, tukakaa. Haikupita muda, yule mkubwa akatua kwenye ukingo wa paa, akaanza kulia kwa sauti kali, akitetemesha mabawa. Yule mdogo akaja mbio na kiwavi.

"Huyo ndiye mama," nikasema.

Mzee mmoja aliacha kutafuna. "Mama gani analia hivyo?"

Nikajibu kwamba uzee una mengi. Ndipo binti yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu na mikono nyuma, akapiga magoti kuwasalimu wazee, shikamoo kwa kila mmoja, kisha akasema, "Siyo mama. Ni mtoto."

"Nani kakwambia?" mwinjilisti akamuuliza.

"Nilipanda juu ya kinu nikachungulia kiotani. Mayai yalikuwa manne. Moja lilikuwa la rangi nyingine. Huyu ndiye aliyetoka kwanza, akawasukuma wenzake wote chini. Nikawazika kwenye maharage."

Hapo niliona aibu, na si kwa ajili ya wazee. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimemkuta akichimba katikati ya maharage yangu. Nilimchapa viganja, tena bila kumuuliza anachimba nini.

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na kahawa. Mwinjilisti alijitahidi kutocheka, akashindwa. Mke wangu akasema kwa upole kwamba kwao hata mchunga ndama anamjua ndege huyo, anayetaga katika nyumba za wenzake.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza wageni walipoondoka.

"Ulikuwa unafundisha," akajibu.

Nilibaki na hasira, na kwa kuwa sikuweza kujikasirikia waziwazi, nilimkasirikia yule kinda. Nikatangaza kwamba ni muuaji na mwizi, lazima aondoke uani. Mwanangu mdogo alikwisha kuokota jiwe. Mke wangu akalichukua mkononi mwake. "Anayemlisha hajalalamika," akasema. "Wewe unalalamika nini?"

Siku zile baba hakumwomba mtoto radhi. Maneno yenyewe sikuyajua. Nilimwita binti yangu kwenye benchi, nikamwonyesha ule ukurasa wa utii, nikamwambia nitauchana.

"Usichane," akasema. "Andika tu kwamba si kweli."

Nikaandika. Kisha nikamwambia kwamba kuhusu maharage nilikosea. Alikubali kwa kichwa, akaniuliza kama anaweza kunionyesha alipowazika. Tukaenda, akanionyesha.

Kinda aliondoka siku chache baadaye, bila kuaga. Niliwaambia wanangu kwamba bila shaka atarudi kumtembelea aliyemlea, na jioni nyingi nilikaa benchini kumngojea. Nilikaa peke yangu. Wao walikuwa wamempata kinyonga kwenye mti wa kahawa, na walinisihi nisije kuwaeleza chochote.